Hukumu za Filamu Zinatolewa Saluni

Kila ninaposoma ukurasa wa burudani wa gazeti nakutana na watu walewale: msanii aliyegombana na mwenzake, mtayarishaji anayelalamika kwamba soko limekuwa gumu, kiongozi anayeahidi kutetea haki za wasanii. Mtazamaji simkuti. Akitajwa, anatajwa kwa hesabu tu, kwamba kazi fulani imetazamwa sana mtandaoni au msanii fulani ana wafuasi wengi. Aliona nini, kilimgusa nini, kilimchosha nini, hayo hayaandikwi. Jambo hili linaniuma, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni msusi. Nina saluni hapa Morogoro, Mji Mpya, na televisheni yangu iko ukutani juu ya kioo tangu nilipoanza kazi. Mteja anayesuka rasta ndogo ndogo akiingia saa nne asubuhi anaondoka jua limeshapinda. Muda wote huo kichwa kiko mikononi mwangu au mwa binti ninayesaidiana naye. Hawezi kuinuka wala kugeuka. Macho yako kwenye televisheni na mdomo uko huru. Pembeni kuna benchi la wanaosubiri zamu, na mlangoni husimama wapita njia waliosema wanaangalia kidogo tu, wakaishia kuvuta kigoda. Tunaangalia kila kitu: filamu zetu, tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, za Kihindi, za Kifilipino, za Nigeria. Na tunasema. Nimeyasikiliza maneno hayo kwa miaka mingi, na nina uhakika kwamba ni uhakiki, tena uhakiki ambao watengenezaji wa filamu wangeulipia kama wangejua thamani yake.

Jumapili mchana huwa ni zamu ya wadada wa kazi. Wengi hupewa ruhusa baada ya ibada, huja wawili wawili, na wanajua kabisa saa ya kurudi. Jumapili moja tulikuwa tunaangalia filamu ya hapa nyumbani, zile za jumba la ghorofa na sofa kubwa, na ndani yake dada wa kazi, kama kawaida, kafungwa kitambaa kichwani, kainamisha shingo, anaitika "abee mama" kila anapoitwa. Dada niliyekuwa namsuka alikuwa kimya tangu mwanzo. Ikafika sehemu ya jikoni. Dada wa kazi wa kwenye filamu akachukua kitunguu na kuanza kukikata. Mteja wangu akasema, "Anti, huyu hajapika hata siku moja. Sufuria iko kwenye moto haina kitu, yeye ndiyo kwanza anaanza na kitunguu, tena hajakimenya. Na huyu mama mwenye nyumba kaingia jikoni, katoka, hajaangalia mafuta."

Nikamuuliza mafuta gani. Akanieleza kwamba nyumba ya kwanza aliyofanya kazi, bosi wake alikuwa anachora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia kila jioni, na asubuhi anaikagua kabla ya kusalimiana na mtu. "Wangeonyesha ile chupa tu," akasema, "hata huyo mama asingehitaji kugomba. Mtu angejua nyumba ile ikoje."

Mwongozaji wa filamu ile alikuwa na dakika nzima ya makelele. Mwenye nyumba alifoka, akapiga meza, akamwita binti wa watu majina yote. Mteja wangu, ambaye aliishia darasa la saba, aliona kwamba chupa moja yenye mstari wa kalamu ingefanya kazi kubwa kuliko makelele yote yale, na wahusika wote wawili wangekuwa watu kamili: mama mwenye hofu ya kuibiwa na binti anayehesabiwa matone. Waandishi wa filamu hutafuta kitu kama hicho usiku kucha. Yeye alikuwa nacho kichwani, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nitoe mfano mwingine, maana huu ndio ulionifanya nishike kalamu. Kuna hadithi ambayo filamu zetu haziichoki: mume anakufa, arobaini haijaisha, ndugu wa mume wanafika na gari, wanabeba kitanda na friji, mjane na watoto wanabaki barabarani na mabegi. Hadithi hii ina ukweli mkubwa ndani yake. Wazimbabwe waliisimulia vizuri sana mwaka 1991 katika filamu ya Neria, iliyozunguka nchi nyingi za Afrika, na wapo wajane waliokaa kwenye kiti changu ambao hilo liliwakuta wao wenyewe. Siidharau.

Lakini Morogoro hii ni nyumbani kwa Waluguru, na Waluguru tunafuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo inapita kwa mama. Huko juu milimani, mwanamume anapooa mara nyingi ni yeye anayekwenda kulima kwenye shamba la ukoo wa mkewe, na mwenye sauti kubwa juu ya watoto ni mjomba, kaka wa mama yao. Sasa fikiria mama aliyeshuka kutoka Matombo na mizigo yake ya ndizi, anapitia saluni kusuka kabla ya kwenda msibani, na kwenye televisheni mjane wa kijijini anafukuzwa shambani na shemeji zake. Yule mama aliuliza swali moja tu: "Huyu kwao hakuna? Shamba la mama yake liko wapi?"

Saluni nzima ilianza kubishana. Mama wa Kichaga akasema kwao shamba ni la mume na wanawe, na filamu iko sahihi kabisa. Binti wa Kiluguru aliyezaliwa mjini akasema hata hajui shamba la bibi yake liko upande gani wa mlima. Mama wa Matombo akaendelea taratibu: huku kwetu shemeji hana ubavu wa kukufukuza, anayeweza kukuliza ni mjomba wako mwenyewe, hasa siku hizi ambapo shamba lililo karibu na barabara linageuka kuwa viwanja. Mjomba anauza, anakula hela, wapwa wanaamka asubuhi wanakuta mtu kaweka mawe ya mipaka.

Hiyo ni filamu. Mjomba anayependwa, aliyewalea wapwa zake baada ya baba yao kuondoka, anauza ardhi ya dada zake kidogo kidogo bila kusema. Sijawahi kuiona kwenye televisheni. Hadithi tulizonazo zinachukulia kwamba nchi nzima ina ukoo wa aina moja, kijiji cha aina moja na mama mkwe wa aina moja. Mtazamaji wa Uluguru anajua kwamba si hivyo, na mtazamaji wa Newala anajua, kwa sababu Wamakonde nao wanafuata upande wa mama. Wanaiangalia filamu kwa adabu kama mtu anayesikiliza habari za ugenini.

Wapo watakaosema kwamba watu hawa wa saluni wanapenda vya nje tu, na ushahidi wao ni tamthilia ya Sultan. Basi tuizungumze Sultan, kwa sababu imesemwa vibaya sana.

Ile ni tamthilia ya Uturuki kuhusu Sultani Suleiman, aliyetawala dola ya Osmania kuanzia 1520 hadi alipofariki mwaka 1566. Kwao ilirushwa kuanzia 2011 mpaka 2014, na ilizua mzozo mkubwa. Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa waziri mkuu, aliishutumu hadharani mwaka 2012 kwamba inamwonyesha sultani akiwa ndani na wanawake badala ya kuwa juu ya farasi vitani. Huku kwetu ilikuja na sauti za Kiswahili kupitia Azam TV, na kwa kipindi kile muda wake ulipofika sikuweza kumwambia mteja ainamishe kichwa. Ilibidi nisuke upande mwingine kwanza.

Walichokuwa wanakijadili kilikuwa kizito. Hurrem aliletwa ikulu akiwa binti aliyetekwa, hana baba, hana mama, hana kabila la kumtetea, akapanda mpaka akawa mke wa sultani, na njiani akawaangamiza wengi. Wateja wangu waligawanyika, na mgawanyiko wenyewe ulinifundisha. Wake waliokuwa na ndoa za muda mrefu walisimama na Mahidevran, mama wa mtoto wa kwanza aliyesukumwa pembeni. Waliotoka kwao wadogo kuja kutafuta maisha mjini walisimama na Hurrem hata alipofanya maovu. Mmoja wao, anayeuza vitenge, alikuwa anasema kila mara kwamba Hurrem asingekuwa vile kama angekuwa na kwao pa kurudia. Mwenzake akamjibu kwamba wasio na kwao ni wengi na hawajamtilia mtu sumu. Yalikuwa mabishano juu ya dhambi na mazingira ya mtu, yaliyoendelea wiki baada ya wiki, na watu walikuwa wanabadilisha misimamo yao kadiri hadithi ilivyokwenda.

Hata uigizaji waliupima. Mwigizaji wa kwanza wa Hurrem, Meryem Uzerli, aliiacha tamthilia kabla haijaisha, na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Siku sura mpya ilipotokea kulikuwa na kelele, wengine waliapa kuacha kuangalia. Baada ya siku chache mwalimu mmoja wa shule ya msingi akasema, "Mwacheni. Yule wa mwanzo alikuwa anatafuta madaraka. Huyu anatembea kama mtu aliyekaa nayo muda mrefu na anaogopa kunyang'anywa." Sijasoma popote maelezo mazuri zaidi ya kazi ya mwigizaji yule.

Na ilipofika kifo cha Mustafa, mwana aliyeuawa kwa amri ya baba yake, jambo lililotokea kweli mwaka 1553, saluni ilinyamaza. Aliyevunja ukimya ni mama mmoja anayeuza mchele soko la Mawenzi. Alikuwa na uchungu. Aliuliza kwa nini katika mambo yote yale, barua za uongo, mihuri ya kughushi, wapambe wanaokwenda na kurudi, hakuna siku hata moja baba na mwana walikaa wawili tu mlango ukafungwa. Alisema hivyo ndivyo alivyopotezana na kaka yake: kila neno lilipitia kwa mtu. Fitina ya kwenye hadithi ile aliielewa ilivyojengwa, pale hasa ilipojengwa.

Mtu anaposema watazamaji wa namna hii hawana akili ya kupima, ama wanapenda mavazi ya dhahabu tu, namwomba atafakari upya. Watu hawahawa wamefuatilia tamthilia zetu za hapa nyumbani, Huba na Jua Kali, bila kukosa. Aprili 2012 mwigizaji wetu Steven Kanumba alipofariki akiwa na umri wa miaka 28, nilikuwa bado najifunza kazi kwa dada mmoja, na wateja walikuja wamejifunga khanga kama waliofiwa na ndugu. Siku ya kumuaga pale viwanja vya Leaders na kumzika Kinondoni, umati uliofurika Dar es Salaam ulikuwa wa watu wa kawaida walionunua kazi zake kwa hela yao. Mapenzi kwa vya nyumbani yapo. Yalikuwepo kabla ya king'amuzi.

Yakaja ya 2017. Mwezi Aprili mwaka ule wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo, wakilalamika kwamba filamu za nje zinauzwa kiholela kwa bei ya chini wakati zao zinabandikwa stempu za kodi na kufuata taratibu zote. Dai la haki lilikuwepo pale: sheria ikiwa ya mmoja na si ya mwingine, anayeifuata ndiye anayeumia. Lakini nakumbuka zaidi majibu ya watazamaji. Kwenye simu, kwenye daladala, saluni kwangu, watu walijibu kwa kutaja makosa, moja baada ya jingine, kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia kwenye warsha yoyote ya sanaa.

Walisema sauti inakwenda na kurudi, mhusika akiwa nje unasikia upepo na si yeye. Walisema hadithi ya saa moja na nusu inakatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili, na kipande cha kwanza kinaishia pasipo na maana. Walisema jina la filamu ni la Kiingereza, mazungumzo ni ya Kiswahili, na maandishi ya chini yana makosa ambayo mtoto wa sekondari angeyasahihisha. Walisema mchawi anapakwa unga usoni na kucheka. Na walisema kuhusu magari. Mtu anatoka ndani, anafungua geti, anaingia kwenye gari, anaendesha, muziki unalia, anafika, anaegesha, anashuka, anagonga mlango, mwenyeji hayupo. Mimi mwenyewe nimewahi kusuka mstari mzima, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, gari bado liko njiani.

Hayo yote ni masahihisho ya kazi. Fundi cherehani akirudishiwa nguo na kuambiwa bega moja limeshuka, analishona upya. Wasanii wengi wa wakati ule waliyachukua maneno yale kama matusi na chuki ya Mtanzania kwa Mtanzania mwenzake, na nafasi kubwa ikapotea, kwa sababu halikuwahi kutokea kabla yake taifa zima likakaa kuchambua filamu zake kwa wakati mmoja.

Waliosikia waliyafanyia kazi, na matunda yanaonekana. Tamthilia za siku hizi za kwenye ving'amuzi zina sauti safi, na wahusika wanabadilika kadiri muda unavyokwenda. Hata kabla ya hapo, mwaka 2012, ilikuwepo Siri ya Mtungi, iliyochezwa Bagamoyo, habari za kijana mpiga picha aitwaye Cheche na ukoo wake. Ilibeba ujumbe wa afya, uzazi wa mpango na Ukimwi, mambo ambayo yangeweza kuifanya iwe mahubiri. Wateja hawakuiona hivyo. Waliipenda kwa sababu nyumba zilikuwa nyumba wanazozijua, zenye ndoo za maji mlangoni na kuta zilizobanduka chokaa, na watu waliongea Kiswahili cha watu wanaoishi pamoja. Mtazamaji anakubali kufundishwa akiona aliyemtengenezea kazi anamjua.

Tabia hii ya kusema wakati filamu inaendelea ni ya zamani sana kwetu. Bibi yangu mzaa baba aliishi Tanga wakati wa senema za Kihindi, na mpaka anafariki alikuwa na ugomvi na hakimu wa kwenye Awara, filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Hakimu yule aliamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, akamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka, na mwanawe mwenyewe akakulia mitaani na kuwa mwizi kweli. Bibi alikuwa akisema aliyestahili kifungo ni hakimu. Alisema wanawake walitoka ukumbini wakilijadili jambo hilo mpaka wanafika majumbani, na kwamba mume mmoja wa jirani, aliyekuwa na tabia ya kumshuku mkewe, alisemwa na mtaa mzima kwa jina la hakimu yule.

Kaka yangu ni wa kizazi cha vibanda umiza. Benchi za mbao, turubai jeusi dirishani, joto, na sauti ya Lufufu. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina hilo la Lufufu, alikuwa anaweka sauti yake juu ya filamu za nje na kuzisimulia kwa Kiswahili, na hakuishia kutafsiri maneno. Alieleza, alionya, alimcheka adui, alimtetea stelingi, alifananisha mtaa wa Hong Kong na mtaa unaoujua. Alikuwa mtazamaji mwenzao aliyepewa kipaza sauti. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo, na watu waliokaa kwenye vibanda vile wanaweza kukwambia mpaka leo ni filamu ipi ilikuwa na hadithi na ipi ilikuwa na risasi tu. Kaka yangu anasema stelingi akifa bila sababu kibanda kilikuwa kinadai hela. Waliokuwa wanawacheka waliona ushamba pale. Mimi naona watu waliolipa, walioahidiwa haki mwanzoni mwa hadithi, na wanaotaka kujua kwa nini haikutolewa. Mtunzi anaweza kumuua stelingi, lakini awe na jibu.

Naambiwa pia kwamba mtazamaji wa kawaida hajui kamera, hajui taa, hajui uhariri. Ni kweli hajui majina yake. Anajua kazi yake mwenyewe, na filamu zimejaa kazi za watu. Muuguzi mmoja ninayemsuka kila baada ya miezi kadhaa hawezi kuvumilia filamu za hospitali. Dripu imetundikwa, haidondoki. Mgonjwa mahututi kapakwa wanja na kope za bandia. Daktari anamwambia mume "tumejitahidi" akiwa amesimama koridoni, watu wanapita. Anasema sehemu ile ya koridoni ndiyo inayomuudhi zaidi, kwa sababu kazini kwao wanahangaika kutafuta hata kona yenye kiti ili mtu asipokee habari ya msiba akiwa amesimama. Mwongozaji anayetaka kumliza mtazamaji angepata kwa muuguzi huyu kile ambacho hatakipata kwenye kamera ghali: kile kiti, na namna mtu anavyojua habari ni mbaya pale tu anapoambiwa akae.

Kuna jambo moja la watazamaji ambalo silikubali, na huwa nawaambia wazi. Mwigizaji akicheza vizuri mtu mbaya, wengine wanamtukana yeye mwenyewe, wanamwandikia maneno machafu kwenye simu, wanamzomea akikutwa sokoni. Akina dada ndio wanaoumizwa zaidi. Ukimchukia mwizi wa mume wa kwenye tamthilia mpaka damu inachemka, yule dada amefanya kazi yake kwa uhodari na anastahili heshima. Saluni kwangu anayetukana mwili wa mwigizaji, unene wake au weusi wake, namzimia televisheni, na wenzake wanamjua ndiye aliyesababisha.

Ninachotaka kwa upande wa magazeti ni nafasi. Nusu ukurasa kwa wiki, mwandishi aende kibandani, kijiwe cha bodaboda, bweni la chuo, saluni, aandike watu walichosema kuhusu kazi iliyotoka wiki ile. Aandike maneno yao yalivyo, na ataje kazi zao ili msomaji ajue muuguzi amesema nini na fundi ujenzi amesema nini. Uhakiki wa wasomi nao tunauhitaji. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na baadaye ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye tuzo za Oscar. Wahakiki wa huko waliiandika. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mteja wangu, ambaye amefundisha riwaya ile mpaka anaijua kwa moyo, angekuwa na mengi ya kusema kuhusu Yasmin wa kitabuni na Yasmin wa kwenye filamu. Bado anasubiri siku ya kuitazama pamoja na wanafunzi wake, na natamani kusoma atakachokiandika.

Kwa watayarishaji ombi langu ni dogo zaidi na halina gharama. Kabla kazi haijatoka, ionyesheni kwa watu ambao hawawajui na hawatawasifu kwa sababu ya undugu. Msiwaulize kama wameipenda, maana Mtanzania ukimuuliza hivyo atasema nzuri ili asikuvunje moyo. Kaeni kimya msikilize wanasema nini wakati inaendelea: wapi wanauliza swali, wapi wanaanza kuongea habari za bei ya mkaa, wapi mtu anamwambia mwenzake "subiri kwanza" na mkono wake unabaki hewani. Andikeni hizo dakika kwenye daftari.

Saluni yangu iko wazi kwa jambo hilo. Mtayarishaji yeyote aliye na filamu ambayo haijatoka aje nayo kwenye flashi, siku ya Jumamosi, wateja wanapokuwa wengi. Akae benchi la nyuma pamoja na wanaosubiri zamu, na asijitambulishe mpaka iishe.